Nyota zilizokosa kuwaka: kwa nini zinatafutwa zikiwa bado changa

Baada ya kipindi chetu kuhusu anga la usiku, tulipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji wa Rombo. Tulikuwa tumesema hewani kwamba nyota huzaliwa ndani ya mawingu makubwa ya gesi na vumbi, naye akataka kujua kama zote zinazozaliwa hufanikiwa kuwaka, au kuna zinazoishia njiani. Dakika tulizobakiwa nazo hazikutosha, tukaahidi kuandika. Jibu fupi ni kwamba nyingi hazifanikiwi. Jibu refu ndilo hili, na linaanzia mahali ambapo babu zetu walikuwa wakipatazama kila mwaka.

Wapo wasikilizaji wetu wanaoijua Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota kinachoonekana kama kishada, sita au saba kwa jicho la kawaida. Jina lenyewe limetokana na kulima. Kabla ya kalenda ya ukutani na utabiri wa redio, wakulima wa pande nyingi za Afrika Mashariki walikitazama kujua majira ya shamba. Sasa, ndani ya Kilimia hichohicho, mwaka 1995, wanasayansi watatu wa Hispania, Rafael Rebolo, María Rosa Zapatero Osorio na Eduardo Martín, walitangaza kwamba wamekiona kitu ambacho kilikuwa kimesakwa kwa zaidi ya miaka 30. Walikipa jina la Teide 1, kutokana na mlima Teide katika visiwa vya Kanari, ambako kuna kituo chao cha kutazamia anga. Kituo hicho kiko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani chini kidogo ya vibanda vya Mandara kwenye njia ya Marangu.

Kitu hicho wataalamu wanakiita kibete kahawia.

Kibete kahawia ni kitu gani

Tuanze na mizani. Sayari ya Mshtarii ndiyo kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu, na uzito wake ni sawa na Dunia 318. Jua nalo lina uzito wa Mshtarii zaidi ya 1,000. Tunaomba namba hizo mzishike, kwa sababu katika habari hii Mshtarii ndiyo jiwe letu la mizani. (Walimu wa fizikia wangependa tuseme tungamo badala ya uzito. Tunawasikia, lakini leo tutabaki na uzito.)

Nyota huzaliwa pale donge la gesi linapojikunja kwa mvutano wake lenyewe. Gesi ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa haraka anajua: pampu inakuwa ya moto mkononi, ingawa hakuna aliyeiweka jikoni. Donge likiwa kubwa vya kutosha, kitovu chake hupata joto kali mno kiasi kwamba hidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu. Hapo ndipo nyota inapowaka, na itaendelea kuwaka kwa mamilioni au mabilioni ya miaka kwa sababu ina kuni zake ndani.

Lakini donge lisipofikia uzito wa Mshtarii 75 hadi 80 hivi, kitovu hakifiki joto hilo. Linabanwa, linapata moto, linang'aa kidogo, kisha linaanza kupoa, na kupoa huko hakukomi tena. Kuni zipo tele, hidrojeni imejaa, ila kiberiti hakikuwaka. Hicho ndicho kibete kahawia.

Shiv Kumar, mwanasayansi mwenye asili ya India aliyefanya kazi Marekani, alipiga hesabu mapema miaka ya 1960 akaonyesha kwamba vitu vya namna hiyo lazima viwepo. Jina la kibete kahawia lilikuja mwaka 1975, likatolewa na Jill Tarter wa Marekani. Kwa kweli havina rangi ya kahawia. Mtu angeweza kuvikaribia angeviona vyekundu vilivyoiva, karibu na zambarau. Hata hivyo sisi wa mlimani hatuna ugomvi na jina lenye asili ya kahawa.

Teide 1 ina uzito wa Mshtarii zaidi ya 50. Mwaka huohuo wa 1995 timu nyingine ya Marekani ilitangaza kibete kahawia kilichokuwa kikiizunguka nyota iitwayo Gliese 229, iliyo umbali wa miaka ya nuru 19 tu kutoka kwetu. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, kama kilomita trilioni 9.5. Ilichukua miaka 29 kugundua kwamba kitu hicho kilichopigwa picha mwaka 1995 si kimoja. Mwaka 2024 ilithibitishwa kwamba ni vibete viwili vinavyozungukana kila baada ya siku 12. Kazi hii ndivyo ilivyo, hata jibu lililokwisha kuandikwa vitabuni hufunguliwa upya.

Mkaa uliotolewa sasa hivi

Sasa tunafika kwenye kiini cha swali: kwa nini watafiti wanapendelea kuvitafuta vibete hivi vikiwa vichanga, ndani ya mawingu ya uzazi, wakati Kilimia na anga lote liko wazi?

Fikiria mafiga usiku baada ya chakula. Ukitoa kaa la moto ukaliweka pembeni gizani, kwa dakika chache utaliona likiwa jekundu. Baadaye wekundu unaisha, lakini ukisogeza mkono bado unahisi joto. Asubuhi ni jeusi na baridi, na ukilitupa kwenye shamba la migomba usiku hutaliona kamwe. Kibete kahawia ni kaa hilo. Kikiwa na umri wa miaka milioni moja au mitano, bado kina joto la kuzaliwa. Kikifikisha mabilioni ya miaka kimefifia kabisa, hasa kama ni chepesi. Mshtarii yenyewe, ambayo ilianza maisha ikiwa ya moto, leo baridi ya juu ya mawingu yake ni zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri.

Kwa hiyo anayetaka kuona vibete vyepesi kuliko vyote, vyenye uzito wa Mshtarii kumi, tano au tatu, ni lazima awahi mafigani.

Kuna sababu ya pili, na kwa maoni yetu hii ndiyo nzito zaidi. Kaa dogo lililotolewa sasa hivi na kaa kubwa lililotolewa saa moja iliyopita yanaweza kutoa joto sawasawa. Ukihisi joto tu gizani, huwezi kusema lipi ni dogo na lipi ni kubwa, mpaka ujue yalitolewa lini. Hali ni hiyohiyo angani: mng'ao wa kibete hautoshi kukwambia uzito wake, unahitaji kujua na umri. Kibete kinachoelea peke yake hakina cheti cha kuzaliwa. Lakini kilichomo ndani ya wingu la uzazi kimezungukwa na ndugu zake wa rika moja, na umri wa kundi zima unaweza kukadiriwa kutokana na nyota kubwa zilizomo. Ukishajua umri, mng'ao unakupa uzito.

Wingu ambalo si la mvua

Tunaposema mawingu, msikilizaji wa Moshi atawaza lile blanketi linaloificha Kibo kuanzia saa nne asubuhi. Mawingu ya kuzalia nyota ni tofauti. Ni gesi nyembamba mno, nyembamba kuliko hewa yoyote tunayoweza kuitengeneza maabara, yenye baridi ya karibu nyuzi 260 chini ya sifuri, na ndani yake kuna vumbi laini kama chembe za moshi wa jikoni. Lakini ni makubwa kiasi kwamba mwanga huchukua miaka mingi kuyavuka, na vumbi lile dogo likijumlishwa kwa umbali huo wote linazuia kabisa kuona kilichomo.

Hapa ndipo mwanga wa infraredi unapoingia. Huo ni mwanga ambao macho hayauoni, ndugu wa karibu wa lile joto ulilolihisi mkononi kutoka kwa kaa lililozima. Una faida mbili kwa kazi hii: unapenya vumbi vizuri kuliko mwanga wa kawaida, na ndio hasa mwanga ambao vibete vichanga huutoa kwa wingi.

Kama nyumbani kuna rimoti ya televisheni, unaweza kujaribu leo. Fungua kamera ya simu, elekeza taa ndogo ya mbele ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote huku ukitazama kioo cha simu. Simu nyingi zitaonyesha taa hiyo ikimetameta, nyeupe au zambarau, ingawa jicho lako halioni chochote ukiitazama moja kwa moja. (Kamera ya nyuma ikikataa, jaribu ya mbele.) Hiyo ni infraredi, na simu yako imeona kitu ambacho wewe huwezi kukiona.

Tatizo ni kwamba mvuke wa maji uliomo hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi inayotoka angani. Ndiyo maana darubini hupelekwa milimani na majangwani, kama kule Teide au kaskazini mwa Chile. Hata huko haitoshi kwa vibete vyepesi zaidi. Ilibidi darubini itoke nje ya Dunia kabisa.

Alasiri ya Krismasi

Tarehe 25 Desemba 2021, saa 9:20 alasiri kwa saa zetu, darubini ya anga ya James Webb ilirushwa kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Saa hiyo huku kwetu watu wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, nyama iko motoni na mbege inazunguka. Wachache walijua kwamba ndani ya nusu saa mzigo huo ungepita juu ya pembe ya Afrika. Darubini iliachana na roketi dakika 27 baada ya kuruka, na picha za video zilizochukuliwa wakati huo zinaonyesha pwani ya Somalia chini yake. Kituo cha anga cha Malindi, Kenya, kinachoendeshwa na shirika la anga la Italia, kilikuwa katika mnyororo wa vituo vilivyoifuatilia safari hiyo.

Sasa Webb iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 6.5, kimeundwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu huakisi infraredi vizuri. Kina mwavuli wa kukinga jua wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Mwavuli huo si anasa: kitu chochote chenye joto hutoa infraredi, kwa hiyo darubini yenye joto ingejimulika yenyewe, kama mtu anayetafuta kimulimuli huku amewasha tochi usoni. Ndiyo maana vyombo vyake vinafanya kazi kwenye baridi kali kupita ya mahali popote duniani.

Ngumi moja chini ya Kilimia

Ukisimama Moshi mjini katikati ya Januari, kwenye saa 3 usiku, ukaelekeza uso mlimani, Kilimia kitakuwa juu mbele yako, kati ya utosi na Kibo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke chini ya Kilimia kuelekea kilele. Mwishoni mwa ngumi hiyo, palepale panapoonekana pana giza tupu, kuna wingu la uzazi katika kundinyota la Farisi, ambalo ramani za Kizungu huliita Perseus. Liko umbali wa miaka ya nuru 1,000 hivi. Ndani yake kuna makundi mawili ya nyota changa yanayojulikana kwa namba, IC 348 na NGC 1333.

Desemba 2023, Kevin Luhman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wenzake walitangaza walichokiona kwa Webb ndani ya IC 348, kundi lenye umri wa miaka milioni 5 hivi. Waliona vibete vitatu vyenye uzito kati ya Mshtarii 3 na 8. Kidogo kuliko vyote kilikadiriwa kuwa na Mshtarii 3 hadi 4. Joto lao la juu ni kati ya nyuzi 830 na 1,500 za Sentigredi, kwa hiyo mfano wetu wa kaa haukuwa wa kubahatisha: hilo ndilo joto la mkaa uliokolea ukipulizwa, na kuzidi. Viwili kati ya hivyo vilionyesha alama ya kampaundi ya kaboni na hidrojeni ambayo haijatambulika ni ipi hasa. Alama kama hiyo iliwahi kuonekana katika hewa ya sayari ya Zohali na ya mwezi wake Titan.

Mwaka uliofuata, Agosti 2024, timu nyingine yenye Adam Langeveld, Aleks Scholz na Ray Jayawardhana ilitangaza matokeo ya NGC 1333, kundi la jirani. Walipata vitu sita vyenye Mshtarii 5 hadi 10. Chepesi kuliko vyote kina diski ya vumbi inayokizunguka, kama ile ambayo Dunia na sayari nyingine zilitokana nayo kuzunguka Jua. Ila kilichotushtua sisi katika habari hiyo ni kile ambacho hakikuonekana. Darubini ilikuwa na uwezo wa kuona vitu vyepesi zaidi ya hapo. Walitafuta chini ya Mshtarii 5, hawakukuta kitu.

Kwa nini kutokuta kitu ni habari? Kwa sababu swali kubwa la kazi hii yote ni hili: wingu linaweza kuzaa kitu kidogo kiasi gani?

Kumega donge

Mama anayekanda unga wa maandazi anaweza kulimega donge mara mbili, nne, nane, kumi na sita. Wingu linalojikunja nalo hujimega hivyo. Lakini kuna sharti: kila kipande kikibanwa kinapata joto, na joto hilo lazima litoke ndipo kiendelee kujikunja na kumegeka. Gesi ikiwa nyembamba, joto linapita na kwenda zake. Vipande vikishakuwa vidogo na vizito kwa ndani, gesi inakuwa kama kifuniko cha chungu, joto linakwama, linasukuma kutoka ndani, na kumegeka kunakoma. Kwa hesabu za kwenye karatasi, sakafu hiyo iko kwenye uzito wa Mshtarii chache tu. Wingu haliwezi kumega chini ya hapo.

Basi ikiwa sakafu ipo kweli, tukihesabu watoto wa wingu tukishuka kwa uzito, tunapaswa kuona idadi ikipungua, kisha hakuna kitu. Mwaka 2025, timu ya Matthew De Furio wa Chuo Kikuu cha Texas ilitoa matokeo ya aina hiyo kutoka kwa wingu la Mwali katika kundinyota la Orioni, umbali wa miaka ya nuru 1,400 hivi, wingu lenye umri usiofika hata miaka milioni moja. Waliona idadi ikianza kushuka chini ya Mshtarii 12 hivi, na kwenye Mshtarii 2 au 3 inaishia, ingawa Webb ingeweza kuona huko hata kitu chenye nusu ya Mshtarii.

Ndipo inapoonekana kwa nini watu wazima wenye shahada zao wanabishana juu ya vitu hivi. Kitu chepesi kuliko sakafu, kama kipo na kinaelea peke yake, hakiwezi kuwa mtoto wa wingu. Lazima kilizaliwa kama sayari, ndani ya diski iliyozunguka nyota fulani, kisha mvutano wa ndugu zake ukakirusha nje. Kwa macho vitu hivyo viwili vinafanana: vyote ni mabonge ya gesi yenye joto, yasiyo na nyota ya kuzunguka. Kimoja ni nyota iliyoshindwa, kingine ni sayari iliyofukuzwa nyumbani. Sakafu ikijulikana kwa uhakika, tutajua ni wangapi waliofukuzwa, na kwa hiyo tutajua ni mara ngapi familia ya sayari kama yetu husambaratika ikiwa changa.

Wekundu wa kuzaliwa na wekundu wa vumbi

Kuna mtego mkubwa hapa. Msikilizaji wa tambarare za Same au Arusha Chini ameliona jua la jioni wakati wa kiangazi, jekundu kama sahani ya shaba kwa sababu ya vumbi na moshi wa mashamba. Jua halikubadilika, ni kilichopo katikati. Vivyo hivyo, nyota ya kawaida, tena kubwa, iliyo mbali nyuma ya wingu, mwanga wake ukipenya vumbi hutufikia ukiwa mwekundu na hafifu, mithili ya kibete kichanga. Anayetazama rangi peke yake ataleta nyumbani wageni akidhani ni watoto wa boma.

Njia ya kukwepa mtego ni kupima kwa undani zaidi. Mwanga wa kitu hutawanywa rangi kwa rangi, kisha hutafutwa alama za mvuke wa maji na, kwa vyenye baridi zaidi, gesi ya methani. Nyota ya mbali iliyopakwa vumbi haina mvuke wa maji wa namna hiyo. Tena kibete kichanga kimevimba, hakijajibana vya kutosha, na hilo nalo huacha umbo lake maalumu kwenye mwanga. Njia nyingine inahitaji subira ya miaka: kundi zima la nyota husogea pamoja angani kama ng'ombe wa zizi moja, kwa hiyo anayekwenda upande mwingine si wa kwao.

Mgogoro mkubwa wa miaka hii unatokana na mtego huohuo. Oktoba 2023, Samuel Pearson na Mark McCaughrean walitangaza kwamba wamepiga picha wingu kubwa la Orioni kwa Webb wakaona vitu karibu 540 vinavyoelekea kuwa na uzito wa sayari, na kati yao jozi zipatazo 40 zinazokwenda wawiliwawili. Habari ilizunguka dunia nzima. Jozi hizo zilikuwa fumbo: nyingine zilikadiriwa kuwa chini ya sakafu, kwa hiyo wingu halingeweza kuzimega, na kama zilifukuzwa kutoka kwa nyota, ni vigumu kueleza zilivyofukuzwa zikiwa zimeshikana mikono. Mwaka 2024 Luhman, yuleyule wa IC 348, alizipitia upya akasema nyingi kati ya hizo rangi zake zinafaa zaidi kuwa nyota za mbali zilizopakwa vumbi. Wengine wanaendelea kuzitetea baadhi yake. Sisi tunaegemea upande wa tahadhari, kwa sababu rangi bila vipimo vya kina ni ushahidi mwepesi, lakini kesi hii itaamuliwa na darubini.

Na mara nyingine mpaka kati ya nyota na sayari unavurugwa na kitu kimoja tu. Umbali wa miaka ya nuru 620 hivi, katika anga la kusini, kuna kitu kiitwacho Cha 1107-7626 chenye Mshtarii 5 hadi 10, kinachoelea peke yake. Oktoba 2025 watafiti wanaotumia darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile walieleza kwamba mwaka huo kilianza ghafla kumeza gesi na vumbi kutoka kwenye diski yake, na ilipofika Agosti kilikuwa kikimeza tani bilioni 6 kila sekunde. Ulaji wa namna hiyo umezoeleka kwa nyota changa. Haukuwa umewahi kuonekana kwa kitu chenye uzito wa sayari kwa kiwango hicho.

Kutazama mwenyewe

Vibete vyenyewe huwezi kuviona kwa jicho, wala kwa darubini ya mkononi. Wingu la uzazi unaweza. Tuna bahati ya mahali tulipo: kundinyota la Orioni, ambalo vitabu vya Kiswahili huliita Jabari, hupita karibu kabisa na utosi wetu. Katikati ya Desemba linafika juu kwenye saa 6:30 usiku, katikati ya Januari kwenye saa 4:30, na katikati ya Februari kwenye saa 2:30, wakati ambao mvua za vuli zimekwisha na masika bado.

Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, huo ndio mshipi. Pembeni ya ile ya mashariki kabisa ndipo lilipo wingu la Mwali, ambalo jicho halilioni. Kisha tazama upande wa kusini wa mshipi, kuna nyota hafifu zilizoning'inia kama sime kiunoni. Ile ya katikati si nyota kamili, inaonekana kama imepakwa ukungu. Huo ukungu ni wingu la Orioni, miaka ya nuru 1,350 hivi kutoka ulipo, lenye zile jozi zinazogombewa. Zima taa ya nje, ipe macho dakika kumi gizani bila kutazama simu, na kama kuna darubini ya mkononi ya wale wanaopeleka wageni mbugani, iazime. Usiku usio na mbalamwezi ndio mzuri. Wa Marangu, Kibosho na Uru, subirini ukungu wa mlimani uachie. Wa tambarare mna nafasi karibu kila usiku.